Mtoto Akipunguza Kucheza, Mama Asisubiri Kesho

Hofu isemwe

Mimba ikishaingia mwezi wa 7, wajawazito wengi hukosa usingizi. Aliyewahi kupoteza mtoto huogopa zaidi, hasa akizikaribia wiki zilezile alizompotezea wa kwanza. Wifi humwambia aache kukufuru. Mama mkwe humkataza kulitaja jambo hilo, asije akaliita. Basi hunyamaza. Ukimya huo ni hatari kuliko hofu yenyewe, kwani anayeona haya kusema "naogopa" huona haya pia kusema "mtoto hachezi".

Mwaka 2021, karibu watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu baada ya wiki ya 28. Wengi wangeweza kuokolewa.

Mama asisubiri kesho

Kila mtoto ana uchezaji wake, na mama ndiye anayeujua. Si kweli kwamba mtoto hutulia siku za kujifungua zikikaribia. Hucheza mpaka uchungu uanze, na hata ukishaanza.

Wanaochelewa husimulia mambo yaleyale. Kimya kilianza asubuhi. Mama akanywa soda baridi ili mtoto ashtuke. Jirani akashika tumbo, akasema mtoto amelala. Mume alikuwa safarini, na kliniki ilikuwa Jumatatu. Wengine hufika mapigo ya moyo wa mtoto hayasikiki tena.

Mtoto akipunguza kucheza, safari ni leo. Ikiwa ni usiku, ni usiku huohuo. Tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki haihusiki hapa.

Kulala

Kuanzia wiki ya 28, mama alale kwa ubavu. Akizinduka amelala chali, ageuke tu.

Mengine ya kukimbilia kituoni

Damu kutoka ukeni, hata kidogo. Chupa ya uzazi kupasuka kabla ya wakati. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba: hiyo huenda ni presha inayoleta kifafa cha mimba. Homa pia, maana malaria huua mtoto aliye tumboni. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisiguswe kabisa, hata zikiletwa na bibi anayependwa. Kipimo cha kaswende kisirukwe. Ugonjwa huo hutibika kwa sindano, na usipotibiwa unaweza kumuua mtoto.

Hofu isiyoachia

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8 ya kliniki. Kila hudhurio ni nafasi ya kumwambia mkunga kinachomkosesha mama usingizi na kuomba kusikilizishwa mapigo ya mtoto. Hofu ikimzuia kula au kulala siku nyingi mfululizo, hiyo nayo ina matibabu.

Baba na ndugu

Nauli iwekwe kando mapema, na namba ya bodaboda au jirani mwenye gari iwe kwenye simu ya mama mwenyewe. Asihitaji ruhusa ya mtu.

Akifika kituoni, mama aseme waziwazi: "Mtoto amepunguza kucheza tangu alfajiri." Akipimwa na kuruhusiwa, kisha mtoto apunguze kucheza tena jioni, arudi jioni hiyohiyo. Asisubiri kesho.