Lengo la Kupunguza Uzito kwa Mtu Mwenye Misuli Mingi

Katika mada ya lishe na afya, watahiniwa wengi hukariri kanuni moja tu: gawanya uzito kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, kisha soma jedwali. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito ni wa kawaida. Kati ya 25 na 29.9, uzito umezidi. Kuanzia 30, ni unene uliokithiri. Kipimo hiki ndicho vituo vya afya hukiandika kwa kifupi BMI, na lazima ukijue. Lakini hakitofautishi kilo ya mafuta na kilo ya msuli.

Chanzo chake kinaeleza kwa nini. Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, aliandika kuhusu uwiano huu katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari; alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika jamii. Jina la sasa lilitolewa na Ancel Keys wa Marekani na wenzake mwaka 1972. Kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kueleza kundi kubwa la watu. Kwa mtu mmoja mwenye mabega mapana kinahitaji msaada.

Mfano

Kijana wa miaka 24 hubeba magunia sokoni mchana, na jioni hunyanyua vyuma. Ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 84. Amepimwa na kuonekana kwamba asilimia 20 ya uzito wake ni mafuta. Anataka kupungua. Aweke lengo gani?

Hatua ya kwanza, uwiano wake: 1.70 × 1.70 = 2.89, 84 ÷ 2.89 = 29.1. Jedwali linasema uzito umezidi, tena anakaribia unene uliokithiri. Mtu akimwambia alenge katikati ya jedwali, tuseme 22, hesabu itakuwa 22 × 2.89, yaani takribani kilo 64.

Hatua ya pili, mafuta yake: 20% ya 84 ni kilo 16.8. Kilo 67.2 zilizobaki ni misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Linganisha sasa na lile lengo la kilo 64. Hata kama kijana huyu angebaki bila chembe ya mafuta, jambo lisilowezekana kwa mtu aliye hai, bado angekuwa na kilo 67.2! Ili afike 64 ni lazima apoteze misuli inayompatia riziki. Watahiniwa wengi huishia hatua ya kwanza, wakaandika 64 na kupiga mstari chini.

Hatua ya tatu, lengo lenyewe. Chagua asilimia ya mafuta inayofikika, tuseme 16, ukichukulia kwamba misuli itabaki ilivyo. Hapo kilo 67.2 zitakuwa asilimia 84 ya uzito mpya: 67.2 ÷ 0.84 = kilo 80. Anatakiwa kupunguza kilo 4, siyo 20. Akifika huko, uwiano wake utakuwa 27.7, na jedwali bado litamwita mtu aliyezidi uzito. Usibabaike ukaanza kufuta jibu lako.

Hatua ya nne, muda. Mwendo salama ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na mwenye misuli anayotaka kuitunza ni heri achague ule wa chini. Kilo 4 kwa nusu kilo ni wiki 8. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takribani kilokalori 7,700, hivyo 4 × 7,700 ÷ siku 56 = kilokalori 550 kwa siku. Kiasi hicho hakihitaji kufunga kula. Soda ya nusu lita ina takribani kilokalori 200, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia takribani 120. Akiacha soda mbili na kijiko kimoja na nusu cha mafuta kila siku, amefika. Maharage, dagaa na mayai asiyaguse, kwa sababu protini pamoja na mazoezi ya kunyanyua ndivyo hulinda misuli wakati mafuta yanapungua.

Zingatia mambo matatu. Vifaa vya kupima mafuta, iwe mizani ya umeme au kibano cha kubana mikunjo ya ngozi, hukosea kwa asilimia kadhaa. Kwa hiyo 80 isomwe kama makadirio. Pili, kilo moja au mbili zinazotoka wiki ya kwanza huwa kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kukimbia umevaa mfuko wa plastiki ni kujichosha bure, na ni hatari. Tatu, futi ya fundi cherehani husaidia kuliko mizani: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kwa kijana wetu ni sentimita 85.

Jedwali hili ni la watu wazima. Mpaka miaka 19 hutumika chati za ukuaji zinazozingatia umri na jinsi. Wewe mwenye miaka 17 usijipangie lengo kwa hesabu hii. Mwone mhudumu wa afya.

Zoezi

Mchezaji wa raga mwenye miaka 26 ana urefu wa mita 1.80, kilo 94, na mafuta asilimia 18.
(a) Kokotoa uwiano wake wa uzito na urefu.
(b) Tafuta uzito wake usio wa mafuta.
(c) Akilenga asilimia 14 ya mafuta bila kupoteza misuli, atakuwa na kilo ngapi?
(d) Kwa nusu kilo kila wiki, atahitaji wiki ngapi?

Majibu: (a) 29.0 (b) kilo 77.1 (c) kilo 89.6 (d) takribani wiki 9