SOMO LA AFYA KAZINI: USINAWE MIKONO KWA PETROLI

Ndugu wafanyakazi, katika karakana nyingi kazi ikiisha utaona mikono inachovywa kwenye kopo la petroli au thina. Grisi na rangi hutoka mara moja, ndiyo maana kopo hilo linapendwa.

Petroli, thina na asetoni ni viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha mafuta na rangi. Kiyeyushi hakitofautishi grisi ya mashine na mafuta ya ngozi yako. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasipotee na uchafu usiingie. Yakiondolewa kila siku, ngozi hupauka, huwasha, kisha hupasuka. Ndugu wa mashambani, nanyi mmo: dawa nyingi za maji za kuua wadudu huyeyushwa kwanza katika kiyeyushi kama zailini, nacho huisaidia sumu kupenya ngozini.

Ubaya wao haulingani. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, hukausha ngozi, lakini haijulikani kuleta saratani. Petroli ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake mna benzeni. Hiyo huingia kwa pumzi na kwa ngozi, huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na huleta saratani ya damu.

Mwezi wa Julai 2021, huko Marekani, kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa madukani aina tano za dawa ya kupuliza ya kukinga ngozi na jua, za Neutrogena na Aveeno, kwa kuwa baadhi ya makopo yalikutwa na benzeni kidogo. Mnunuzi wa huko alirudishiwa fedha zake. Fundi wetu ananawa kwa petroli yenyewe!

Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Na. 136 wa mwaka 1971, lilitaka benzeni ibadilishwe kila penye kitu kingine kisicho na madhara, na wajawazito na wanaonyonyesha wasishike kazi zenye benzeni. Kwa mikono, kitu hicho kipo: paka mafuta ya kupikia kidogo, sugua mpaka grisi ilegee, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni na maji. Sabuni hiyo ailipie mwajiri. Kamati ya tawi ilidai kwa barua na kutunza nakala.

Mwenye mikono iliyokwisha kupasuka aende zahanati. Anakili jina lililoandikwa kwenye kopo, amwonyeshe mganga.