Transmita ya Presha kwenye Boila ya Chai: Maji Kwanza, Ethi Upande Mmoja

Viwanda vya chai vya Nyamira na Kisii, kuanzia Kebirigo na Sanganyi hadi Kiamokama na Ogembo, hukausha majani kwa joto la mvuke wa boila. Mhudumu wa boila huhitaji kujua presha kila dakika, na mara nyingi namba anayoisoma kwenye paneli hutoka kwa transmita. Ikidanganya, maisha yake yako hatarini.

Huku kwetu transmita ina maadui wawili: joto la mvuke na radi. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii alasiri, mawingu yakajikusanya, ngurumo zikaanza. Kwa hiyo mimi hufuata utaratibu huu kila ninapofunga transmita.

1. Tenga kabla ya kugusa. Mvuke wa baa 10 una joto la nyuzi 184 hivi. Pata kibali cha kazi kwa maandishi, funga vali, tia kufuli na uweke kibao chenye jina lako. Toa presha iliyobaki kupitia vali ya kutolea, na uiache wazi unapofanya kazi. Usitegemee geji peke yake, kwani mshale huweza kukwama kwenye sifuri. Ukimaliza, andika kazi yako kwenye kitabu cha boila. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa kila miezi 12, naye atataka kujua kilichobadilishwa.

2. Maji yatangulie. Mvuke usifikie kiwambo cha transmita. Ifunge chini ya mahali bomba linapotokea kwenye boila, na katikati weka saifoni, lile bomba lililokunjwa duara. Ijaze maji safi kabla ya kufungua vali: maji hayo ndiyo yanayopokea joto na kupitisha presha. Transmita ikiwa mita 1 chini, maji huongeza takriban baa 0.1, basi rekebisha sifuri.

3. Kaza kwa spana mbili. Moja ishike bomba, nyingine ikae kwenye shingo ya transmita yenye pembe sita. Usiizungushe kwa kushika kichwa chake, utakata nyaya za ndani.

4. Linda kebo. Ipitishe mbali na kebo za mota. Kabla haijaingia kwenye transmita, iteremshe kidogo kisha uipandishe, ili maji ya mvua yadondoke chini. Kaza glendi na kifuniko. Unyevu wa milima hii hula vituo vya nyaya.

5. Ethi. Unganisha ganda la transmita na ethi kuu ya kiwanda kwa waya wa shaba mnene na mfupi. Wavu wa kebo uunganishe upande wa paneli pekee. Upande wa transmita ukate na uufunike kwa tepu usiguse chuma. Katika kiwanda kimoja namba ilikuwa ikiruka kila feni ya boila ilipowashwa. Wavu ulikuwa umeunganishwa pande zote mbili, na mkondo ulikuwa unapita ndani yake. Tulipouchomoa upande wa transmita, namba ikatulia.

Usipigilie nondo ya ethi ya transmita peke yake. Radi ikipiga, volti ya nondo hiyo hutofautiana na ya ethi kuu, na tofauti hiyo hupitia kwenye kifaa chako. Ethi zote ziunganishwe pamoja. Upinzani wake upimwe Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu, na kinga za radi ziwekwe pande zote mbili za kebo.

6. Jaribu. Ukipima uzima wa kebo kwa mega, chomoa transmita kwanza, la sivyo utaiunguza. Kisha fungua vali polepole na ulinganishe na geji. Transmita ya baa 0 hadi 16, inayotoa miliampia 4 hadi 20, kwenye baa 10 isome miliampia 14.

Mameneja, msimpe kazi hii mtu asiye na leseni kwa sababu bei yake ni nafuu. Na mafundi wenzangu, transmita haichukui nafasi ya vali ya usalama. Msiondoke kwenye boila kabla ya kuhakikisha vali hiyo ni nzima.