Sahani ya Aliyeungua

Hapa Bukavu, mgonjwa akilazwa, chakula hupanda kilima kutoka nyumbani, kikapuni kwa dada au shangazi. Na mwili ulioungua vibaya una njaa ya ajabu: moto umezimika ngozini, lakini ndani mwili unakula misuli yake wenyewe. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji gramu 90 hadi 120 za protini kwa siku, kama mara mbili ya asiye na jeraha. Mfuko mdogo ufanyeje?

1. Anza na sambaza. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha asiye na hela ya nyama. Nunua wakavu, osha mchanga utoke, anika tena, kaanga bila mafuta, kisha twanga na vichwa vyao mpaka wawe unga. Hifadhi katika kopo lenye mfuniko. Vijiko viwili vikubwa ndani ya uji, sombe (majani ya muhogo) au maharage, na hata aliyeungua midomo atakula samaki bila kutafuna.

2. Bugali usubiri. Unga wa muhogo hushibisha tumbo, haujengi ngozi. Mtangulizie maharage au sambaza. Bugali uje nafasi ikibaki. Najua, kwetu bila bugali mtu husema hajala. Mwache aseme.

3. Uji wa masoso: mahindi, soya, mtama. Soya ikaangwe mpaka inukie, maana mbichi huvuruga tumbo na kuzuia protini isisagwe. Ukiepua, tia kijiko kikubwa cha mawese: kalori kama 120, na vitamini A juu yake. Uwe mzito. Uji mwepesi ni maji ya moto tu.

4. Mpe kidogo kidogo, mara sita, hata usiku. Siku ya kubadilisha bandeji kwa dawa ya usingizi hukaa na njaa tangu asubuhi. Muulize muuguzi saa atakayoruhusiwa kula, na termosi iwe tayari. Hapo ndipo wengi hupoteza mlo mzima bila mtu kugundua.

5. Mayai hayaleti usaha, hata jirani akiapa. Moja lina gramu 6 za protini.

6. Mapera, marakuja, lengalenga: kila siku, chochote kilicho rahisi sokoni.

7. Anayelishwa kwa mpira wa puani, mwenye figo mbovu au kisukari, na mtoto mchanga: usimpe kitu kabla ya kumuuliza muuguzi. Wengine wapimwe uzito kila wiki; ukishuka, sema mapema.

8. Na hiyo mbabula, jiko la makaa unalompikia, iondoe chini sakafuni. Watoto wengi wanaolazwa kwa kuungua waliungulia pembeni mwa sufuria ya nyumbani.