Mlima Hanang na Altimita: Nani Humkagua Mpimaji?

Mlima Hanang una kimo cha mita 3,420 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya anga safi, rubani aelekeaye kiwanja kidogo cha Haydom wilayani Mbulu huweza kuuona toka mbali. Mawingu yakiufunika, maisha ya abiria hutegemea ramani na altimita.

Altimita haipimi kimo moja kwa moja. Ndani yake mna kikopo chembamba cha metali kilichotolewa hewa. Ndege ipandapo, kanieneo ya hewa hupungua. Kikopo hutanuka na kusukuma mshale. Kwa kuwa kanieneo hubadilika kila siku, rubani hana budi kuirekebisha altimita kwa tarakimu anayopewa na mwongoza ndege. Kosa la hektopaskali 1 huleta kosa la mita 8 hivi. Iwapo tarakimu sahihi ni 1012 na rubani akaweka 1022, altimita itaonyesha takriban mita 80 zaidi ya kimo halisi: ndege iko chini kuliko rubani anavyodhani.

Kwa sababu hiyo, kanuni za kimataifa zinaitaka ndege irukayo kwa vyombo katika nchi ya milima ipite angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu. Juu ya Hanang, 3,420 + 600 = mita 4,020, yaani futi 13,190 hivi. Kosa la mita 80 peke yake huacha nafasi ya mita 520. Hatari huja makosa yanapojumlika, au ndege inapopotea njia. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa.

Kila tarakimu aitumiayo rubani imetokana na kazi ya mtu: mchora ramani, mpima hali ya hewa, mwongoza ndege. Wajibu wa serikali ni kuhakikisha kwamba vyombo vyao vinapimwa, leseni zao ni halali, na makosa yanaripotiwa. Wajibu huo umetokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Tangu 1999 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limezikagua serikali zenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza 2003, imepewa kazi mbili: kuongoza ndege na kudhibiti usalama. Hapo ndipo penye haja ya kuzitenganisha idara hizo, kwani mtahiniwa hasahihishi karatasi yake mwenyewe. Mwaka 2007 nchi za Afrika ya Mashariki ziliunda wakala wao wa pamoja wa kusaidia usimamizi huo.

Zoezi

1. Tarakimu sahihi ni 1015. Rubani ameweka 1009. Je, ndege iko juu au chini ya kimo kinachoonyeshwa, na kwa mita ngapi?

2. Eleza kwa nini kosa la swali la 1 lina hatari ndogo ya kugonga mlima, lakini huweza kuikaribia ndege nyingine iliyo juu yake.