Filimbi katika Uwanja wa Kata: Jinsi Mwamuzi Anavyotafsiri Sheria 17 za Mpira wa Miguu

Katika viwanja vya Kata ya Magamba, sawa na viwanja vingi vya Mkoa wa Katavi, mwamuzi huingia uwanjani akiwa na filimbi, saa, kalamu na kadi mbili. Nyavu huenda hazipo, mistari ya majivu hufutika kabla ya mapumziko, na washika vibendera huwa ni vijana walioteuliwa muda mfupi kabla ya mchezo kuanza. Hata hivyo, sheria anazozisimamia ni zilezile zinazotumika katika Kombe la Dunia. Ni sheria 17, na hutungwa na bodi ya kimataifa iitwayo IFAB, iliyoundwa mwaka 1886.

Somo hili linawalenga wakazi wanaochezesha michezo ya shule na ya timu jirani. Linawalenga pia watazamaji, kwa kuwa ugomvi mwingi wa pembeni mwa uwanja huanza pale mtu anapodai haki ambayo sheria haikuitoa. Goli moja lenye utata laweza kuvunja mchezo, kuwanyima vijana mashindano ya msimu mzima, na kumfanya aliyejitolea kupuliza filimbi asikubali tena kuishika.

Sheria si kanuni

Jambo la kwanza ni kutofautisha sheria za mchezo na kanuni za mashindano. Sheria husema nini ni faulo, nini ni goli, nani ameotea. Kanuni hutungwa na waandaaji, nazo husema nani anaruhusiwa kusajiliwa, rufaa hukatwa vipi, na mbuzi wa mshindi hutolewa lini. Ndiyo maana malalamiko ya mamluki, yaani wachezaji wasiostahili kuichezea timu, hayamalizwi kwa filimbi. Mwamuzi hupokea lalamiko, huliandika katika ripoti, na mchezo huendelea. Uamuzi ni wa kamati ya mashindano.

Kwa michezo ya ngazi ya chini, ya vijana, ya wakongwe na ya watu wenye ulemavu, sheria zenyewe zinaruhusu marekebisho fulani kwa idhini ya shirikisho la nchi, ambalo kwa Tanzania ni TFF. Ukubwa wa uwanja, ukubwa wa magoli na wa mpira, muda wa mchezo, na hata mchezaji aliyetolewa kurudi tena uwanjani, yote hayo yanaweza kupangwa upya. Lakini yapangwe na kutangazwa kabla ya mchezo. Kubuni utaratibu mpya dakika ya 70 ili kuituliza timu inayofungwa ni kosa, hata kama nia ni njema.

Mpira kugusa mkono

Hapa ndipo sauti za uwanja mzima hupanda. Mpira ukigusa mkono, watazamaji hupaza kelele kwamba ameunawa. Sheria ya 12 haisemi kwamba kila mguso ni kosa. Mwamuzi ajiulize kwanza: je, mchezaji aliupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi? Kama sivyo, je, aliukuza mwili wake isivyo kawaida, kwa kuuweka mkono mahali ambapo mwendo wake wa wakati ule haukuuhitaji? Mkono wenyewe, kwa tafsiri ya sheria, huanzia usawa wa chini ya kwapa. Bega si mkono.

Tuseme beki anakimbia kurudi golini, mpira unadunda juu ya kichuguu na kumgonga kiganja kilichokuwa kikiyumba kwa mbio zake. Viwanja vyetu vina vichuguu vya kutosha kuufanya mfano huu uwe wa kila wiki. Beki huyo hajatenda kosa. Lakini akiruka kuzuia shuti huku mikono ameitandaza juu ya mabega, mpira ukamgusa, hapo ni kosa, na akiwa ndani ya eneo lake la hatari ni penalti. Kwa mshambuliaji sheria ni kali zaidi: akifunga goli moja kwa moja kwa mkono, au akafunga papo hapo baada ya mpira kumgusa mkononi, goli hukataliwa hata kama ilikuwa bahati mbaya.

Neno linalorudi mara kwa mara hapa ni «kwa maoni ya mwamuzi». Si ruhusa ya kupendelea. Ni wajibu wa kuwa karibu na tukio, kuliona, na kutumia kipimo kilekile kwa timu zote mbili kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuotea, faida na kadi

Kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo ukiwa hapo: kuucheza mpira uliotoka kwa mwenzako, kumzuia mpinzani, au kunufaika na nafasi hiyo. Tena hakuna kuotea kwa mpira uliopokelewa moja kwa moja kutoka goli kiki, mpira wa kurusha au kona, jambo ambalo hata wachezaji wazoefu hulisahau. Mwamuzi asiye na wasaidizi waliofunzwa ni bora awaombe washika vibendera waonyeshe tu mpira uliotoka nje, na suala la kuotea alibebe mwenyewe.

Kanuni ya faida nayo huleta lawama. Mchezaji amechezewa faulo, lakini mwenzake ameupata mpira na njia iko wazi. Mwamuzi huruhusu mchezo uendelee. Faida isipopatikana ndani ya sekunde chache, anaweza kurudi kwenye faulo. Kwa kawaida kadi haipotei kwa sababu ya faida. Huonyeshwa mpira unaposimama. Faulo ya uzembe haina kadi, ya kutojali hatari kwa mpinzani ni njano, na ya nguvu kupita kiasi ni nyekundu.

Kadi ya pili ya njano haina msamaha. Tarehe 20 Februari 2016, katika mchezo wa Simba na Yanga ambao Yanga ilishinda 2-0, mwamuzi Jonesia Rukyaa kutoka Kagera alimtoa mchezaji wa Simba kwa kadi mbili za njano kabla ya mapumziko. Ukubwa wa mchezo haukubadili hesabu ya kadi, na uchache wa watazamaji wa mchezo wa kata haupaswi kuibadili pia.

Mbuzi akiingia uwanjani

Swali hili linaweza kuchekesha, ila uwanja usio na uzio hulileta. Mpira unaelekea golini, kipa ameshapitwa, mbuzi anakatiza na kuuzuia kwenye mstari. Si goli, wala si penalti. Mchezo husimamishwa na kuanzishwa kwa mwamuzi kuudondosha mpira kwa kipa ndani ya eneo lake la hatari. Lakini kama mpira umemgusa mbuzi na bado ukaingia golini, bila mbuzi huyo kumzuia mlinzi yeyote kuucheza, hilo ni goli halali. Mwamuzi anayeijua ibara hii hatahitaji kupiga kura na watazamaji.

Mwamuzi akikosea

Mwamuzi akigundua amekosea anaruhusiwa kubadili uamuzi, mradi mchezo haujaanza tena. Ukishaanza, uamuzi kuhusu tukio hilo unabaki, likiwemo suala la goli kukubaliwa au kukataliwa. Kwa hiyo mwenye hoja aieleze mapema, kupitia nahodha, bila kumzingira. Tangu Julai 2024 IFAB imetoa mwongozo unaowaruhusu waandaaji kuweka utaratibu wa nahodha peke yake kumkaribia mwamuzi baada ya matukio makubwa, na mashindano madogo yanaweza kuutumia. Timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba, mchezo hauwezi kuendelea. Nahodha anayewaamuru wenzake watoke nje kwa hasira alifahamu hilo.

Baada ya mchezo mwamuzi huandika ripoti siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya njiani. Aandike dakika, namba ya jezi, kosa na kadi aliyotoa, pamoja na tukio lolote lililotokea kabla au baada ya mchezo. Nakala moja abaki nayo, na nyingine aikabidhi kwa kamati ya mashindano.