Kusawazisha Hedi: Kisu au Jiwe?



Wengi wenu mna mashine ya posho inayoendeshwa na injini ya dizeli. Injini ikikosa maji ikachemka, hedi hupinda kidogo tu, gasketi inaungua, na akina mama wanarudi nyumbani na mahindi yao. Ndipo hedi inaletwa mjini kusawazishwa.

Hapa Dagoretti Corner kijana mmoja ana mashine ya milingi nyuma ya nyumba yake. Chuma hufungwa juu ya meza inayosogea, na kisu kinachozunguka hukichonga. Alitaka kutoa kisu afunge jiwe la kusagia, ati hedi iwe laini kama kioo. Mimi si fundi, basi tulikwenda kwa mzee mmoja wa kazi hiyo.

Inawezekana, lakini hedi ya chuma cha kutupwa haihitaji jiwe. Kisu kikali kikipita polepole kinatosha, na gasketi ya kawaida haihitaji kioo ili ishike. Jiwe ni la chuma kilichokomazwa kwa moto, kama kisu cha randa.

Ukilazimika kulitumia, soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Imeandikwa mwisho wa mizunguko kwa dakika, usiupite. Jiwe la upana wa milimita 150 likizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 23 hivi kila sekunde. Likipasuka, halichagui kati ya fundi na mtoto anayecheza uani. Kwanza lining'inize, uligonge kwa mpini wa mbao. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, litupe. Weka kinga, vaa miwani, washa, simama kando dakika nzima. Kila mpito utoe sehemu moja ya mia ya milimita, au mbili.

Hasara nyingine huja polepole. Vumbi la jiwe huchanganyika na mafuta kwenye reli za meza likawa kama msasa, na baada ya muda mashine haichongi sawa tena. Zifunike kwa plastiki iliyobanwa vizuri. Kitambaa kilicholegea kitanaswa na jiwe. Ukimaliza pangusa, tia mafuta mapya, wala usipulize kwa kompresa, maana upepo husukuma vumbi ndani.

Kijana amekubali kisu. Miwani bado hana, anasema ni pesa. (Bei yake si kubwa kuliko ya jicho, nikamwambia.)

Mjadiliane kikundini: Hedi yenu iliposawazishwa, fundi aliwaambia ametoa kiasi gani? Ikipunguzwa mno, valvu zaweza kugonga pistoni. Na kila asubuhi, nani anatazama maji ya injini?